Maua ya Njuga Kwenye Harusi ya Pretty

Hebu mfikirie Mukankusi anavyofika. Yeye hafiki kama mimi na wewe, mguu ukitangulia. Kwanza inafika sauti, kutoka kule konani penye mashine ya kusaga: "Mmeamka, au nije niwaamshe?" Kisha vinafika viatu vyake vya mpira, pwata, pwata, pwata. Halafu ndipo anatokea mwenyewe, kitenge kimefungwa juu ya sketi, panga begani, na nyuma yake vumbi jekundu la Masaka, pembezoni mwa Kigali, linatulia taratibu kana kwamba nalo limeamriwa likae chini. Ukimwona hivyo ujue ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Maduka yamefungwa, pikipiki hazipiti, na kila nyumba imetoa mtu wake kwa kazi ya pamoja. Na ujue kwamba Mukankusi ndiye mkuu wa isibo, yaani wa zile nyumba chache za jirani zinazopangiwa kazi pamoja. Akisema leo tunazibua mtaro, mtazibua mtaro. Akisema leo tunafyeka, mtafyeka.

Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda na ng'ombe wao. Huko alimaliza darasa la saba, akajifunza kushona, akapata na kile Kiswahili chake kilichonyooka ambacho hadi leo anakivaa kama mkufu. Majirani zake wa Kigali wakisema "iko" kwa kila kitu, yeye hucheka kwa pua. Waliporudi Rwanda, baada ya yale mabaya ya tisini na nne, Masaka ilikuwa vichaka na njia za mbuzi. Akajenga chumba, akaweka cherehani barazani, akaanza kuvalisha watu.

Mtoto wa kuzaa hakujaliwa. Lakini mdogo wake alipofariki, aliacha binti ambaye hata kutambaa alikuwa bado anajifunza, na Mukankusi alimchukua akamweka mgongoni na hakumteremsha tena. Huyo ndiye Pretty. Alimwita "mama wacu", kama watoto wa Kinyarwanda wanavyomwita dada wa mama yao, na Mukankusi aliridhika, maana neno "mama" limo humo ndani.

Sasa, kulikuwa na maua. Utayaona hadi leo kwenye barabara zile ambazo hazijawekwa lami, kwenye vichaka vikavu na viwanja visivyojengwa. Ni mmea wa jamii ya maharage, na ukilitazama ua lake utakubali: njano iliyoiva, lina mdomo uliopinda kama wa ndege, na koo lenye mistari ya rangi ya damu ya mzee. Karagwe walipanda ndugu yake mashambani ili kurutubisha udongo, wakamwita marejea. Huyu wa njiani hakupandwa na mtu. Hujiotea kwenye changarawe, mahali ambapo hata nyasi zimekata tamaa. Jua likishamkausha, maganda yake yaliyovimba kama mapovu hubaki na mbegu zikicheza ndani, na ukiyatikisa yanalia.

Mukankusi aliyatunga kwenye uzi, akamfunga Pretty vifundoni kama njuga za wacheza ngoma, na mtoto akacheza barazani mpaka akaanguka kwa kicheko. Wakayaita maua ya njuga. Jina hilo lilikuwa lao wawili. Hakuna mwingine duniani aliyelijua, na Mukankusi, aliyekuwa na vitu vichache vya peke yake, alilihesabu miongoni mwake.

Basi akaja Wanjira.

Alikuja kutoka Nyeri, Kenya, mhasibu wa kampuni ya malori, mwanamke wa makamo asiye na mume wala haja ya mume, akapanga nyumba yenye geti jeusi. Siku ya kwanza alifika barazani kwa Mukankusi na gauni la kupunguzwa kiuno. Na ni Mukankusi mwenyewe, kwa mdomo wake, aliyeita ndani: "Pretty, njoo umsalimie mgeni. Huyu ana Kiswahili."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga. Wapo wenyeji ambao hawakupona.

Pretty alikuwa amekua, anafanya kazi mjini kwenye ofisi ya bima, na katika ofisi ile watu walizungumza Kinyarwanda na Kiingereza, Kiswahili chake kikikaa bila matumizi. Kwa Wanjira kikapata pa kwenda. Jumapili baada ya kanisa wakawa wanatembea pamoja hadi kule barabara inakoanza kushuka, wanacheka, wanarudi na vumbi hadi magotini. Mukankusi alikuwa akiwaona kutoka kwenye cherehani. Alikanyaga pedali tu, na sindano ikaenda mbio kuliko kitambaa kilivyohitaji.

Jioni moja alipeleka gauni la Wanjira kwake. Dirishani palikuwa na chupa ya jamu yenye maji, na ndani yake yale maua ya njano.

"Haya umeyatoa wapi?" akauliza.

"Hapo tu barabarani, mama. Pretty ndiye alinionyesha. Mimi ningepita tu nikidhani ni magugu." Wanjira alikuwa akilivaa gauni mbele ya kioo, anajivuta pumzi. "Anaziita nini tena? Za njuga. Hizi maua za njuga. Si ni jina tamu?"

Mukankusi akasema ndiyo, ni tamu.

"Mama, hii kiuno imenibana kidogo."

"Umenenepa," Mukankusi akamjibu.

Hakuwa amenenepa. Mshono ule ulikuwa umeingizwa ndani zaidi ya kipimo, na aliyeuingiza alijua.

Nani amewahi kuulaza wivu ukalala? Unauambia huyu ni mgeni, yuko peke yake, hana ndugu mji huu. Nao unakujibu: na wewe una nani? Unauambia mtoto amekua, ana haki ya marafiki. Nao unasema: rafiki ni sawa, lakini jina lile alipewe kwa nini? Mukankusi alikuwa mtu wa sala, kiti cha pili kutoka mbele, na alisali kweli. Akifumbua macho anamwona Pretty ameketi pembeni ya Wanjira, wanashiriki kitabu kimoja cha nyimbo.

Kisha ikaja habari ya harusi. Kijana aliitwa Gisa, wa Kagugu, upande mwingine wa Kigali, mpole, mwenye kusalimia kwa mikono miwili. Mahari ilishatolewa na pande zote zimekunywa zikaridhika, ikabaki kanisa na karamu. Mukankusi alikuwa amepamba harusi za nusu ya mabinti wa Masaka. Yeye ndiye aliyejua kitambaa kipi kining'inie wapi, na ua gani linavumilia joto la hema. Kwa hiyo alikuwa ameshaanza kutenga vitambaa bila kuambiwa na mtu, maana ni nani mwingine angepamba?

Pretty alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akashika ncha ya kitambaa kama alivyofanya akiwa mdogo.

"Mama wacu, mambo ya maua nimempa auntie Wanjira."

Cherehani ikanyamaza.

"Usinielewe vibaya. Wewe siku hiyo ndiye mama. Mama wa bibi harusi habebi ndoo, hapandi ngazi. Utakaa mbele na vazi lako la mushanana, watu waje wakusalimie."

"Sawa," akasema Mukankusi.

"Na hatutaki waridi za dukani. Tunataka za njuga, mezani na madhabahuni. Zile za kwenye kile kiwanja kitupu, kule barabara inakoanza kushuka. Ukizikata siku moja kabla zinanyauka, kwa hiyo auntie atazikata asubuhi ile ile, umuganda ukiisha."

"Sawa."

Ukimsikia mwanamke wa namna hii anasema sawa mara mbili mfululizo, wewe sogea pembeni. Pretty alimkumbatia akaondoka akiimba, akiamini yamekwisha. Alichosikia Mukankusi ni hiki: wewe kaa, mwingine atanivisha. Maua yetu, jina letu, na mikono ya mtu mwingine.

Wiki ile mvua zilikuwa zimeshaaga, na ukingo wa kiwanja kitupu ulikuwa umefunikwa njano tupu, mimea mirefu hadi kifuani. Mukankusi alipita pale akienda dukani, akapita akirudi. Na kama vile shetani ana ofisi, ukaja ujumbe kutoka ofisi ya kata kwenda kwa wakuu wote wa isibo: umuganda wa mwezi huu ni kusafisha kingo za barabara na mitaro. Wapi kuanza, kila mkuu aamue mwenyewe.

Aliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ulivyostahili. Mimi sikuutunga, akajiambia. Kazi ni kazi.

Sasa rudi kwenye ile Jumamosi. Anafika, sauti mbele, viatu nyuma yake. Watu wamesimama na majembe na mapanga, wengine wanapiga miayo. Mutabazi, dereva wa lori aliyekulia Uganda, ndiye aliyemtania kwanza, maana Mutabazi hawezi kukaa na mdomo.

"Mama mukuu, leo si iko harusi kwako? Sisi tulisema leo utakuwa unapakwa rangi ya kucha."

"Kwani harusi imefuta umuganda?"

"Hapana, lakini mama ya bibi harusi na panga, hata Gisa ataogopa."

"Bora aogope mapema."

Wakacheka. Mutabazi akaonyesha mtaro kwa jembe lake. "Basi tuanze hapa. Hii mtaro iko na taka mingi."

"Mtaro utangoja," akasema Mukankusi. "Tunaanza pale."

"Pale kwenye maua?"

"Pale kwenye magugu."

Mutabazi alimtazama, akatazama ile njano, akanyanyua mabega. Mkuu wa isibo amesema.

"Kateni chini kabisa, usawa wa udongo," Mukankusi akawaambia. "Sitaki kuona kisiki kinachipua mwezi ujao."

Akakata wa kwanza yeye. Shina lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, likaanguka bila kelele, na umande ukamlowesha viganja. Akakata la pili. Nyuki wale weusi wakubwa, wanaopenda maua ya namna hii, walikuwa wakizunguka mahali ambapo sasa hapakuwa na kitu, wanarudi, wanazunguka tena. Hakuwatazama. Alikata kama mtu anayejibu maneno.

Lakini tabia ni ngozi, haivuliki. Mukankusi hajapata kuvumilia kazi chafu maisha yake yote. Kuna kijana alitupa mikono miwili ya mimea katikati ya njia, na kabla hajafikiri alikuwa ameshapaza sauti: "Unatupa kama unalisha mbuzi? Panga vizuri. Vichwa upande mmoja, mashina upande mmoja. Na mrundike kule kivulini, barabara ipitike." Wakapanga. Ikawa rundo refu chini ya ukuta, nadhifu kama kuni za mtu anayetarajia wakwe.

Hawakuwa wamemaliza, Wanjira akatokea. Alikuwa anakimbia, ndoo ya maji mkono mmoja, maji yakimwagikia miguuni, na mkono wa pili makasi madogo. Alikuwa na kazi ya umuganda upande wa geti jeusi, akasikia mapanga, akaja. Alipofika penye kiwanja kitupu alisimama. Akatazama udongo ulio uchi, pale palipokuwa na maua.

Watu wakaacha kazi. Mukankusi alikuwa na jibu lake tayari, amelitunza mdomoni tangu alfajiri kama tonge: ni agizo la ofisi.

Wanjira akaweka ndoo chini.

"Mama," akasema, na sauti ikamkatika. "Mama, umefanya nini?"

Mukankusi akafungua mdomo.

"Mimi sijalala," Wanjira akaendelea. "Nawaza, nitakata hizi zote vipi peke yangu, na haya makasi, na kanisa ni saa nane? Nilitaka kukuomba, nikaogopa. Pretty alisema usisumbuliwe. Na wewe umeleta isibo nzima." Alikuwa ameshapiga magoti penye rundo, anainua mashina, marefu, maua yakiwa mabichi na baridi ya asubuhi juu yake. "Na mkazikata chini kabisa, ona urefu. Na mkazipanga. Na mkaziweka kivulini. Mimi singekumbuka hata kivuli." Akageuka kwa watu wote, machozi yakimtoka bila aibu, akawashukuru kwa kile Kinyarwanda chake kifupi: "Murakoze cyane."

Zile nyuso zote zikamgeukia Mukankusi, na zote zilikuwa zimelainika. Mama wa watu alitaka kufanya kwa siri, kumbe. Mmoja akapiga makofi. Mwingine akasema ndiyo maana alikuwa mkali kuhusu kupanga. Mutabazi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anafuta jembe lake kwa majani, polepole sana.

"Mama mukuu," akasema, "si ungetuambia iko ya harusi? Tungekata na heshima." Kisha, akiinama kubeba mzigo wake karibu na sikio lake: "Magugu iko nzuri."

Wakabeba wote, mizigo ya njano mabegani, msafara mzima hadi kwenye hema la karamu. Na Mukankusi akabeba. Watu walisema hazungumzi kwa sababu ya uchungu wa mzazi siku ya kumtoa binti, wakamwacha na kimya chake.

Kanisani maua yalisimama madhabahuni marefu kama mishumaa. Kwenye karamu yalikuwa kila meza, na wageni wa Kagugu waliuliza yalinunuliwa wapi. Mukankusi alikuwa amekaa mbele na mushanana yake imetupiwa bega moja, watu wanakuja kumsalimia kama Pretty alivyosema watakuja. Kisha mshereheshaji akampa Wanjira kipaza sauti aseme neno moja kama mpambaji.

Wanjira hakusema neno moja. Alisimulia. Alisimulia ndoo yake na makasi yake ya kuchekesha, alivyokimbia, alivyokuta kiwanja kiko uchi na moyo wake ukataka kusimama. Hema zima likacheka. Kisha akasimulia rundo chini ya ukuta. "Mimi nimepewa sifa za maua haya," akasema, "lakini mimi nimeweka tu kwenye maji. Aliyeyakata ni mama yake."

Pretty alisimama. Bibi harusi hashuki jukwaani hovyo, na wasimamizi wake walijaribu kumshika gauni. Alishuka. Akapita katikati ya meza hadi kiti cha mbele, akamkumbatia Mukankusi kwa lile kumbatio la Kinyarwanda lisilo na haraka, mikono imeshika mgongo, kichwa kimeinamia bega.

"Nilidhani umenikasirikia," akamnong'oneza. "Wiki nzima, mama, nilidhani umenikasirikia."

Hakusema mama wacu. Alisema mama.

Mukankusi akayahisi yale maneno mengine yakipanda kooni, yote, na ukweli wake wote. Na akasema: "Nenda ukae, mwanangu. Mumeo anaonekana kama ameachwa stendi."

Pretty akacheka, akafuta macho, akarudi.

Pale ndipo jambo la ajabu lilipotokea, na ndilo lililonifanya nikusimulie habari za mwanamke huyu. Wivu haukuondoka. Ulihama tu. Mukankusi alimtazama Wanjira upande wa pili wa hema, anapiga makofi kwa mikono miwili juu ya kichwa, na hakumwonea wivu tena, hata kidogo. Aliyemwonea wivu sasa ni yule Mukankusi mwingine, wa kwenye simulizi ya Wanjira, aliyewaamsha jirani zake ili amkatie binti yake maua. Huyo ndiye aliyekumbatiwa. Huyo ndiye aliyeitwa mama. Yeye aliyekaa kitini alikuwa amepokea salamu za mtu mwingine.

Pretty yuko Kagugu sasa. Kila akija na wakwe zake husimulia kisa kile upya, na kila mara kinaongezeka utamu kidogo: sasa ilikuwa bado giza, sasa Mukankusi alikuwa amekataza mtu yeyote asiseme. Wanjira huja barazani jioni na chai ya maziwa kwenye chupa, na gauni lile lilishapanuliwa kiuno bila malipo na bila maelezo. Wanakunywa, wanazungumza. Kuna nyakati mazungumzo yanakatika, Wanjira anatazama barabarani tu, hana haraka, na Mukankusi anashusha kikombe, anavuta pumzi ya mtu anayeanza kusema.

Kisha anauliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Wewe uliyekaa nami hadi hapa, niambie: ungekuwa wewe kwenye kiti kile cha mbele, na binti yako hatimaye anakuita mama, ungesema?